Mahari ya Bi. Mwanaidi na Chumvi ya Uvinza

Marahaba, vijana. Naitikia mapema kwa sababu nawajua: mkishaanza kusoma mtasahau kusalimia, mtabaki kunibishia.

Juzi kijana mmoja wa hapa Ipuli alinialika kwake nione tangi lake la maji ya bahari. Ana taa za buluu, ana pampu inayojizima yenyewe, na chumvi ya dukani imo kwenye ndoo yenye picha ya samaki anayecheka. Ndani ya tangi amefuga matumbawe laini, yale yasiyo na mifupa, yanayopungapunga majini mchana kutwa bila kuchoka. Akaniambia kwa huruma, "Babu, enzi zenu mlikosa mengi." Nikamjibu kwamba umeme wa uhakika tulikosa, lakini matumbawe laini tulikuwa nayo, hapa hapa Tabora, mwanzoni kabisa mwa Uhuru. Alicheka mpaka akamwaga chai. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Naitwa Maganga, mzaliwa wa Kwihara. Babu zangu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi pwani, wakarudi na nguo na shanga. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kuletewa mzigo wa maji ya chumvi, tena kwa treni. Nilianza kazi kama fundi wa vioo vya madirisha pale mjini, nikaimaliza kama mtunza matumbawe, na hakuna aliyewahi kunipa cheo wala sare.

Chanzo chake ni rafiki yangu Feruzi, gadi wa treni ya mizigo. Feruzi alikwenda Bagamoyo kwenye arusi ya mwenzake, akarudi na arusi yake mwenyewe. Bibi arusi, Mwanaidi, Mzaramo wa kule, alikuwa na macho makali na ulimi mkali zaidi. Shehe alipotuma aulizwe anataka mahari gani, hakutaka fedha wala kitanda. Alisema, "Nataka kipande cha bahari kilicho hai, nikae nacho huko anakonipeleka. Siku atakayokiua, anirudishe kwetu."

Shehe aliuliza mara ya pili, akidhani mjumbe amechanganya mambo. Jibu likarudi lile lile. Wazee wakacheka, lakini mashahidi walisikia na Feruzi akakubali. Siku ile alikuwa katika hali ambayo angeambiwa aje na kilima cha Itetemia mfukoni angesema hakuna shida.

Basi mjomba wa bibi arusi akazamia, akang'oa jiwe dogo lenye tumbawe laini juu yake. Lilikuwa nene kama sikio la ng'ombe, rangi ya chai ya maziwa, limejaa vidomo vidogo vinavyofunguka na kujifumba. Lilisafiri kwa treni ndani ya mtungi, kwenye behewa la gadi, bibi arusi ameukumbatia njia nzima. Walipofika Tabora tayari alikuwa amelipa jina: Mahari. Feruzi akaja dukani kwangu, jasho linamtoka, akasema, "Maganga, nitengenezee bahari. Ndoa yangu imo ndani ya mtungi."

Sikuwahi kuiona bahari. Nilitengeneza tangi kwa fremu ya chuma, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kutengeneza makabati ya maduka. Baada ya muda mfupi maji yakawa mekundu. Mwanaidi akaniita, akanionyesha, na hapo nikajua kwamba nimepata mtani kamili, maana Wazaramo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za misafara na hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

"Mtani," aliniambia, "mimi nimeomba bahari. Wewe umenipikia supu ya misumari."

La pili nililitengeneza kwa mbao za mninga, vioo nikavibana kwa lami, na sikuweka hata msumari mmoja. Nililijaza maji na kuyamwaga, nikajaza tena na kumwaga tena, mpaka harufu ya lami ilipokwisha. Hili lishikeni: chuma kinachafua, lakini shaba inaua. Mgeni akiona maji ndani ya nyumba hushikwa na hamu ya kutupia sarafu. Mzuieni, hata akiwa mkwe.

Sasa hewa. Umeme wa mtaa wetu ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo tulitumia tyubu ya lori. Feruzi aliijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tukaunganisha mpira mwembamba wa hospitali, tukaubana kwa kibanio cha nguo ili upepo utoke kidogo kidogo. Mwisho wa mpira niliweka kipande cha mti laini, viputo vikawa vinapanda punje punje. Tyubu ilikaa sebuleni, nono, imetulia, na wageni waliikalia wakidhani ni fenicha ya kisasa. Ukiikalia, bahari yote inachafuka. Hivyo tulijua nani ameongezeka uzito.

Maji yenyewe yalitoka pwani kwa madumu, kwenye behewa la Feruzi. Katika kituo kimoja njiani askari alishikwa na imani kwamba gadi anasafirisha pombe ya gongo. Feruzi akamweleza ni maji ya bahari ya mke wake. Maelezo kama hayo hayamsaidii mtu. Askari alifungua dumu, akagugumia kwa pupa ya mtu aliyepania kupata ushahidi, kisha akatoka nje ya behewa haraka kuliko alivyoingia. Tangu hapo kila treni ya Feruzi ilipofika pale alipigiwa saluti kwa mbali.

Tulikosea sana mwanzoni. Maji ya tangi yalipopungua kwa joto, Feruzi aliongeza maji ya bahari, na Mahari akasinyaa. Ni Mwanaidi aliyetuambia kwamba kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi inabaki chini, kwa hiyo cha kuongeza ni maji ya mvua. Alichora alama kwenye kioo kwa wanja wake, na maji yakishuka chini ya wanja unaongeza mpaka yafike pale pale. Chakula nacho kilitutesa. Feruzi aliamini hakuna kiumbe duniani kinachokataa dagaa wa Kigoma, akasaga dagaa akamtilia Mahari asubuhi na jioni. Nyumba ilinuka hata majirani wakaanza kutazama nyayo za viatu vyao. Kumbe Mahari anakula jua. Ndani ya ngozi yake mna vijimea vidogo visivyoonekana, navyo vinampikia kwa mwanga, kwa hiyo mpe dirisha la asubuhi na umwache. Baridi ya Juni tulilifunika tangi kwa blanketi la kazini la Feruzi.

Na kuna jambo moja linalowaua wagonjwa wa moyo. Tumbawe la namna ile hujivua ngozi. Vidomo vinafunga, mwili unang'aa kama umepakwa nta, linakaa hivyo siku kadhaa halitaki mtu. Mara ya kwanza lilipofanya hivyo Feruzi na mimi tulikaa mbele ya tangi tunalia, watu wazima na ndevu zetu. Mwanaidi akapita na ungo wake wa mchele, akatutazama.

"Mnalilia nini?"

"Mahari amekufa," Feruzi akasema. "Nisamehe."

"Anabadilisha nguo. Na nyie geukieni ukutani."

Wiki ile ile, nilipobadilisha maji, Mwanaidi alianza kuyachukua maji machafu ya tangi. Alisema nikiyamwaga uani yanaua mchicha wake, afadhali ampelekee rafiki yake Helena wa Ipuli alowekee miguu inayovimba. Helena alikuwa mama Mkatoliki, mke wa mkulima, na miguu yake sikuwahi kuiona imevimba. Lakini mwanaume hachunguzi miguu ya mke wa mtu. Kila nilipobadilisha maji, ndoo ilikwenda Ipuli.

Halafu lilikuja Azimio la Arusha, na ujamaa ukaanza kuulizwa nyumba kwa nyumba. Bwana mkubwa mmoja wa mkoani alisikia kwamba gadi wa treni anafuga bahari sebuleni. Akaja na wasaidizi wake kutazama kama hiyo si anasa. Feruzi aliogopa, maana siku hizo neno anasa lilikuwa linatembea na miguu yake yenyewe. Bwana mkubwa aliinama mbele ya kioo, suti yake ya mikono mifupi imenyooka.

"Linazalisha nini hili?" akauliza.

Feruzi akamtazama mke wake. Mwanaidi akaja na chai.

"Shikamoo, mheshimiwa. Hicho si kitu kimoja, ni kijiji," akasema. "Kila kidomo unachokiona ni mkaazi. Wote wana tumbo moja. Akipata mmoja, kimekula kijiji kizima. Hakuna tajiri humo ndani."

Bwana mkubwa akatazama tena, safari hii kwa heshima. Alitaka kutia sarafu, Mwanaidi akamshika mkono kwa upole kabla haijamtoka. Jumapili iliyofuata alihutubia vijiji viwili akiusifu ujamaa wa baharini, bila kuja tena kuuliza kama wakulima wameelewa. Ukweli ni kwamba ukitazama vizuri, vidomo vya upande wa kivulini vilikuwa vyembamba na vilivyopauka, na vya upande wa dirishani vilikuwa vinene. Hilo hatukumwambia.

Sasa tufike kwenye msiba.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi, baada ya wakimbizi wa Burundi kuletwa Ulyankulu. Mimi nilikuwa huko naweka vioo kwenye zahanati. Mwanaidi alikuwa Urambo kwa wifi yake aliyejifungua. Reli ya mashariki ilikuwa imesombwa na mafuriko, treni za pwani haziji, kwa hiyo Feruzi alikuwa nyumbani bila kazi. Mwanaume asiye na kazi karibu na tangi ni hatari kuliko paka.

Niliporudi nilimkuta ameketi kizingitini, mkononi ana mfuko mtupu.

"Maganga, lami ilipasuka. Maji yalivuja, yakabaki nusu. Mahari alikuwa kichwa nje."

"Ukafanya nini?"

"Nikaziba, nikajaza maji ya kisima. Nikatia chumvi ya Uvinza, nzuri, nyeupe. Nilikuwa naonja mpaka ikafanana."

"Ikafanana na nini?"

"Na bahari. Mimi bahari naijua bwana, si naifuata kila siku."

Vijana, hakuna anayeidharau chumvi ya Uvinza mbele yangu. Tumeilia ugali na mlenda tangu utoto, babu zetu waliifanyia biashara, na huku kwetu tumelelewa tukijua kwamba chumvi ni ile na nyingine ni porojo. Mtu wa Tabora akiambiwa tia chumvi, mkono unakwenda kwenye Uvinza wenyewe. Lakini bahari si maji na chumvi tu. Ina chokaa na mengine mengi ambayo ulimi hauyaonji, na tumbawe linayahitaji yote. Maji yakivuja, usijaze. Mtoe tumbawe, umtie kwenye beseni pamoja na yale maji yake mwenyewe yaliyobaki, hata yakiwa kidogo, umsubirishe. Atakaa. Feruzi hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Niliingia ndani. Mahari alikuwa amejikunja, mdogo kuliko siku alipotoka mtungini. "Labda anabadilisha nguo," Feruzi akasema nyuma yangu. Nikainama ninuse. Anayejivua ngozi hana harufu. Huyu alikuwa nayo, na nilipomgusa kipande kikabaki kidoleni kama uji uliopoa. Niligeuka, Feruzi akaniona usoni, akakaa juu ya tyubu.

Maji ya tangi yakachafuka. Kisha akasema, "Kuna jambo moja jema. Njia imekatika. Hata akitaka, hawezi kufika Bagamoyo."

"Na ikifunguliwa?"

"Miaka yote niliyofanya kazi reli sijawahi kuwaombea uvivu mafundi wa njia. Leo nawaombea." Alijaribu kucheka, macho yakamjaa machozi. Nilimhurumia sana. Walikuwa hawajajaliwa watoto, na nje ya Mwanaidi, Feruzi hakuwa na nyumba, alikuwa na kuta tu.

Mwanaidi alifika kwa treni ya Kigoma siku iliyofuata. Hakusalimia. Alitua mzigo, akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akachovya kidole, akalamba.

"Uvinza," akasema. "Nani?"

Feruzi akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

Alimtoa Mahari kwa mikono miwili, akamweka juu ya sahani, akamtazama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Akanigeukia mimi.

"Mtani, msiba ukitokea kwangu, nani anazika?"

"Mimi. Ndiyo kazi ya mtani."

"Basi zika. Usimtupe jalalani." Akajitanda kanga yake, akatoka na kushika njia ya Ipuli.

"Amekwenda kuagana na Helena," Feruzi akasema.

Nilichimba kashimo karibu na mpapai. Feruzi alishika sahani kwa heshima zote, kofia ya kazi kichwani. Nimezika watu walioliliwa kidogo kuliko vile. Tulipomaliza aliingia ndani, akaanza kukunja nguo za mke wake, polepole, akizipanga sandukuni, kwa sababu alisema aliahidi mbele ya mashahidi na hatamfanya mtu aombe haki yake mara mbili.

Jua lilipoanza kupunguza ukali tuliwasikia wanawake wawili uani. Mwanaidi alitangulia, kichwani ana beseni kubwa la maua lililofunikwa kanga. Helena alifuata na kijiko kirefu cha mbao, na miguu yake, niliitazama safari hii, ilikuwa mizima kabisa. Mwanaidi akatua beseni chini, akalifunua.

Alikuwemo Mahari. Mnene, rangi ya chai ya maziwa, vidomo vyote vimefunguka.

Feruzi alishikilia ukuta. "Huyu ni nani?"

"Ni yeye yule. Siku mlipokuwa mnalia kwa sababu ya ngozi, niliona mahari yangu imo mikononi mwa wanaume wawili wasiojua kitu. Alipofunguka nikamkata kidole kwa wembe, nikakifunga kwa uzi juu ya kijiwe. Matumbawe laini ukiyakata hayafi, kila kipande kinakuwa mwenyewe. Nikampelekea Helena."

"Namkoroga," Helena akasema, akituonyesha kijiko. "Nikimaliza sala ya asubuhi, na ya mchana, na ya jioni. Hana hewa ya mpira kama huku, kwa hiyo namkoroga. Baba Paroko aliniuliza napika nini kisichoiva."

"Miaka yote hii," Feruzi akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua yupo wa akiba, ungemtunza yule mmoja kivivu." Akaliona sanduku, nguo zikiwa zimekunjwa vibaya. Akazitoa moja moja, akazirudisha mahali pake. "Na hizi kanga usinikunjie tena. Hujui."

Vijana, mimi ni fundi, sielewi mambo haraka. Ilinichukua mpaka nifike nyumbani na baiskeli yangu ndipo nikaelewa nilichokiona. Mwanamke aliyetaka kurudi Bagamoyo alikuwa na kazi moja tu, kutuacha tuendelee kukosea. Dagaa wangemfungulia mlango. Yeye alificha akiba Ipuli na kubeba ndoo za maji mazito juani, mwaka baada ya mwaka, ili mlango ule usifunguke hata kwa bahati mbaya.

Baada ya pale kila nyumba iliyotaka tangi ilinijia, na kila Mahari mliyepata kumwona Tabora ni kidole cha yule. Sharti langu kwa wateja lilikuwa moja, ambalo na nyie nawaachia: ukipata tumbawe, likishapona na safari kata kipande, kifunge juu ya jiwe, kisha kampe mtu unayemwamini akae nacho nyumba nyingine. Mtu, si rafu nyingine ya tangi lako. Taa zako za buluu zikizimika, yeye atakuwa anakoroga.

Feruzi alifariki akiwa amestaafu, kitandani kwake. Eda ilipokwisha, wapwa wa Bi. Mwanaidi walifika kutoka Bagamoyo na nauli yake mkononi, wakasema shangazi, sasa hakuna kinachokuzuia, twende nyumbani. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kubadilisha maji. Aliwanywesha chai kwanza. Kisha akawashika mikono, akawapeleka mbele ya kioo, akawaonyesha vidomo vikifunguka kwenye jua la asubuhi.

"Mliambiwa masharti," akasema. "Hajafa."

Wakarudi bila yeye. Mimi nikachota maji machafu, nikaweka ndoo mlangoni, akaibeba kwenda Ipuli.